Sufi ndani ya foronya: nilivyojaza mikunjo ya uso wangu

Nyuma ya daftari langu la oda za hina nimebandika vikaratasi viwili vya kunata, kila kimoja ukubwa wa stempu. Vina jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Cha tatu hakipo, na hicho ndicho kilichonitoa machozi. Nitafika huko.

Mie ni mpambaji wa maharusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, mwaka wa 27 sasa. Kazi hii hukuweka pua kwa pua na mtu, na bibi arusi akichoka kujitazama kiooni, hukutazama wewe. Nilipoingia miaka 51 nilianza kuona macho yao yakitua pahali pamoja: ile mifuo miwili inayoshuka kutoka kando ya pua hadi pembe za mdomo. Mmoja wa Kibokoni akaniuliza kwa upole, "Mama, nimekuudhi?" Sikuwa nimeudhika hata kidogo. Nilikuwa namchora ua kiganjani, nimetulia zangu.

Liwa nilijipaka. Mafuta ya kopo nilijipaka, ya bei ndogo na ya bei ya kuumiza. Liwa naipenda na maharusi wangu nawapaka hadi leo, lakini hukaa juu ya ngozi, na tatizo langu, kama nilivyokuja kuambiwa, halikuwa juu.

Binti yangu ndiye aliyenitafutia daktari wa ngozi huko Nyali. Kabla ya kupiga simu aliliingiza jina lake kwenye sajili ya mtandaoni ya baraza la madaktari, KMPDC, akaona kweli yumo na leseni yake ni hai. Dakika mbili tu. Nasema hivi kwa sababu mwaka uliofuata mie mwenyewe sikuzitumia dakika hizo mbili.

Nilikwenda nikiomba Botox, kwa kuwa ndilo jina nililolijua. Daktari akanambia nikunje uso, nicheke, kisha nitulie kabisa. Akanieleza kwamba Botox hulaza msuli kwa miezi mitatu au minne, kwa hiyo inafaa mistari inayoletwa na kukunja uso: ya kipajini, ya baina ya nyusi, ya pembeni mwa macho. Mifuo yangu ilikuwapo hata nikilala usingizi. "Mama, mto ukipungua sufi, foronya hukunjana," akasema. "Huipigi pasi foronya. Unaongeza sufi."

Sufi yenyewe ni mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mashavu. Umri ukienda hupungua na kuteremka, mifupa ya uso nayo husinyaa kidogo, na ngozi iliyokuwa imejazwa vizuri inabaki haina cha kuishikilia. Fila ni jeli inayodungwa ili kurudisha ule ujazo. Iliyotumika kwangu ni ya asidi ya hayaluroniki. Kitu hicho tunacho mwilini sote, kwenye ngozi, kwenye viungo, mpaka ndani ya jicho; mwaka 1934 wanasayansi wawili kule Marekani, Karl Meyer na John Palmer, ndio waliokitoa mara ya kwanza katika jicho la ng'ombe. Sifa yake ni kuvuta maji na kuyashika, na nilipoelezwa hivyo nilikumbuka tukmaria zinavyofura kwenye faluda.

Nikauliza, basi kama mwili unayo, kwa nini isiyeyuke kesho yake? Ikiwa peke yake, kumbe, huyeyuka kweli, siku chache tu. Kiwandani huchukua nyuzi zake na kuzishikiza pamoja, na hapo mwili huchukua miezi kuzifumua. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, kwa hiyo hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili: ukindu mmoja mmoja huchukuliwa na upepo, ukisukwa ukili unakaa.

Swali langu la pili lilikuwa la nguruwe. Daktari alicheka, akasema kila mteja wa Mombasa huliuliza. Zamani zilitumika fila za kolajeni ya ng'ombe, ambazo mtu alifanyiwa kwanza jaribio la mzio mkononi, na zikawahi kuwapo za kolajeni ya nguruwe pia. Hii yangu hutengenezwa kwa bakteria wanaofugwa maabara, haina mnyama. Kuhusu kubadili umbo, masheikh wana maneno yao na mie niliuliza yangu kwa wangu. Hayo hayana nafasi hapa.

Yeye naye aliniuliza mengi. Nameza aspirini? Vidonge vya mafuta ya samaki? (Vya samaki nilikuwa nameza, shoga yangu ndiye aliyenizoesha, akanambia nivisimamishe kwa sababu huongeza kuvilia damu. Kama aspirini umeandikiwa na daktari wa moyo, usiiache kwa kusoma haya.) Nina miadi ya kung'oa jino? Huota vidonda vya homa mdomoni? Nina makovu yanayovimba? Nilimwonyesha la sikioni, nililotobolewa nikiwa mdogo. Kwa ngozi kama zetu, akasema, kila jeraha dogo linaweza kuacha weusi, kwa hiyo angetumia kanula, sindano butu ndefu inayoingia kwa tundu moja kila upande, badala ya kunichomachoma mstari mzima.

Siku yenyewe haikufika hata saa moja. Aliifungua boksi mbele yangu, akanionyesha muhuri haujakatwa, akanipa vile vikaratasi viwili vya kunata. Jeli ilikuwa imechanganywa na lidokeini ya kutia ganzi. Nilihisi kama mtu anasukuma kidole ndani ya shavu. Maumivu hasa, hapana. Kilichonishangaza ni kwamba kiasi kikubwa hakuweka kwenye mfuo wenyewe, aliweka juu, shavuni, na mfuo ukainuka. Mabomba mawili, mililita moja moja. Kijiko cha chai ni mililita 5, basi jumla haikujaza hata nusu kijiko! Na bei yake ilikuwa malipo yangu ya maharusi wawili.

Kila baada ya kudunga alibonyeza ngozi na kuhesabu damu inavyorudi. Hatari kubwa ya kitu hiki ni jeli kuingia kwenye mshipa wa damu, hasa karibu na pua, kwa kuwa mishipa ya hapo inaungana na ya macho. Ngozi hukosa damu na kuoza. Mtu anaweza hata kupofuka. Hutokea kwa nadra. Kwa hiyo alinipa namba yake ya simu na kunambia: maumivu makali yanayozidi, ngozi kupauka au kuwa na madoadoa kama nyavu, macho kufifia, usingoje asubuhi. Nilivimba siku mbili, nikapata alama ya buluu ndogo kushoto. Chetezo cha udi nilikiacha kwa muda, moto wa jiko vilevile, maana joto huzidisha uvimbe. Wiki ya pili nilimpamba bibi arusi wa Ganjoni. Hakuna aliyejua kitu, ila wifi yangu alidhani nimenenepa.

Ilinikaa karibu mwaka. Na hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilitaka mashimo ya chini ya macho pia, na daktari akakataa: pale ngozi ni nyembamba, na mie huamka na vifuko, jeli inayovuta maji ingeniongezea. Nikanuna. Mteja akanitajia mwanamke anayedunga kwenye chumba juu ya saluni, kwa nusu ya bei. Nilipanda ngazi zile kwa miguu yangu mwenyewe. Boksi sikuiona. Bomba lilikuwa tayari limejaa. Nilipouliza ni nini akajibu, "Ni ile ile, mama."

Wiki ya tatu nilikuwa na vimbe viwili chini ya macho, laini kama kunde zilizorowekwa, na kila asubuhi baada ya kula papa mkavu vilizidi. Simu ya yule mwanamke haikupokelewa tena.

Nilirudi Nyali kwa aibu. Daktari hakunigombeza, aliuliza tu, "Kikaratasi kiko wapi?" Kama ilikuwa asidi ya hayaluroniki, kuna kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidezi ambacho huifumua. Kama ilikuwa silikoni, hakuna dawa ya kuiyeyusha, labda kisu. Bila kikaratasi hakujua, wala mie. Aliniuliza kama nyuki huwa wananidhuru, kwa sababu kimeng'enya cha jamii hiyo kimo katika sumu ya nyuki, kisha akanitia tone mkononi tukangoja. Ndipo akadunga chini ya jicho.

Usiku ule sikulala, nilikuwa najipapasa tu. Kulikuwa na uvimbe wa sindano, sikuweza kutofautisha. Siku ya pili jioni, naosha uso kwa ajili ya Magharibi, kidole kikapita upande wa kulia hakikukwama. Wa kushoto ulihitaji sindano ya pili wiki mbili baadaye. Gharama ya kuondoa ilikula ile nusu ya bei niliyojifanya nimeokoa, na zaidi.

Mashimo ya chini ya macho ninayo mpaka leo, nayafunika kwa poda kama ninavyowafunika maharusi wasiolala usiku wa kuamkia arusi. Mifuo ya mdomo imeanza kurudi, polepole. Daktari anasema safari hii bomba moja litatosha. Nimeshamwambia nitakuja baada ya arusi za mfunguo mosi kupita.