Cheti cha shangazi kimefanya kazi leo

Mgambo walitaka kubeba meza ya shangazi sokoni, eti haruhusiwi kuuza miti shamba. Shangazi wala hakubishana. Akatoa kwenye mkoba cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kimetiwa plastiki, kona zimeshapinda. Mkubwa wao akakisoma weee, mwisho akasema "samahani mama" na kuwaita wenzake waondoke.

Jamani, Tanzania mganga wa tiba asili aliyesajiliwa anatambulika kisheria. Sheria Na. 23 ipo tangu 2002! Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo yanafika Barazani. Ila msichanganye mambo: usajili wa mganga ni kitu kimoja, usajili wa dawa ni kingine, na dawa lazima ipimwe usalama kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ramli chonganishi, yaani kupiga ramli na kumtaja fulani kuwa ndiye mchawi, haimo kabisa kwenye usajili huo. Ushuru wa meza nao shangazi analipa kama wenzake sokoni.

Kinachoniuma mimi ni gharama za kupima dawa. Mtu anauza mwarobaini wa mia tano mia tano, hizo hela atazitoa wapi?