Mkate wa puer, wiki ya sita: pande, majani na chenga

Kwa miezi minne niliamini mkate wangu wa puer, chai ya Kichina iliyochachushwa na kushindiliwa ikawa kama mkate, umeharibika. Aliniletea shemeji yangu anayefuata mzigo Guangzhou: gramu 357, karatasi nyeupe nyembamba, umeshindiliwa mwaka 2009. Leo chai inatoka laini na tamu, kesho inatoka nyeusi tii yenye ukakasi wa kukausha ulimi. Maji yale yale, uzito ule ule. Nilipoanza kuandika kila ninachofanya ndipo nikaona kuwa chai ni nzima. Kilichokuwa kinabadilika ni namna ninavyoubomoa ule mkate.

Karatasi ina namba 7572. Usiisome kama mwaka wa kushindiliwa. 75 ni mwaka 1975, mchanganyiko huo wa majani ulipobuniwa. 7 ni daraja la majani. 2 ni alama ya kiwanda cha Menghai, mkoani Yunnan. Daraja dogo ni vichipukizi, daraja kubwa ni majani mapana, na hiyo 7 ni wastani tu. Usoni mwa mkate kuna vichipukizi vyenye rangi ya dhahabu. Ukichimba ndani unakuta majani makubwa na vijiti. Hili lilinisumbua baadaye.

Nilianza kwa kuchokoa mkate kwa ncha ya kisu cha jikoni. Sasa natumia sindano nene, naiingiza ubavuni, sambamba na tabaka za majani, kisha nainua taratibu mpaka tabaka lijiachie lenyewe. Tofauti ni kubwa mno. Kisu kiliniachia chenga kama za mchele, na vumbi juu yake.

Jumamosi ya kwanza nilipima gramu 5 mara tatu: pande moja gumu, majani yaliyojiachia, na chenga zilizobaki kwenye chujio. Kila fungu nililiweka kwenye gaiwani, kikombe cha Kichina chenye kifuniko, ya mililita 100, maji yanayotokota, nikasuuza mara moja na kumwaga, kisha nikamimina maji mapya tena na tena juu ya majani yale yale.

Chenga zilikolea kabla sijahesabu mpaka tano. Maji ya kwanza na ya pili yalikuwa mazito, machungu, na tope lilituama chini ya kikombe. Maji ya nne yalikuwa tayari mepesi. Pande lilifanya kinyume: maji mawili ya mwanzo yalikuwa na rangi hafifu, na nilipolipasua kwa kidole katikati kulikuwa kukavu kabisa. Lilifunguka kwenye maji ya tatu, likakolea ghafla, kisha likaendelea mpaka ya kumi. Majani yaliyojiachia ndiyo yaliyokwenda sawasawa, na utamu wake ulibaki kooni muda mrefu. Nilikaa na kikombe kile bila kuandika chochote.

Hapo ningeweza kusema jani dogo hukolea haraka kwa sababu maji yanaligusa pande zote, basi. Anayepika chai ya rangi kwa majani yetu yaliyosagwa kiwandani analijua hilo tangu utotoni. Lakini chenga zangu nyingi zilitoka usoni mwa mkate, kwenye vichipukizi, na vichipukizi vina kafeini nyingi kuliko majani yaliyokomaa. Je, ukali ule ulitokana na udogo au na aina ya jani?

Jumamosi iliyofuata nilichukua majani mapana ya ndani pekee na kuyavunjavunja kwa vidole mpaka yakalingana na zile chenga. Yalikolea haraka vilevile, rangi ile ile ya kahawa, lakini ukakasi ulikuwa mdogo na ladha ilielekea kwenye kuni na tende. Kwa hiyo udogo ndio unaoamua kasi, na aina ya jani inaamua kinachotoka. Haya ni mambo mawili, nami nilikuwa nayachanganya.

Nimebadilisha mazoea. Kila fungu nachanganya majani ya usoni na ya ndani, kwa sababu mchanganyiko ulibuniwa unywewe pamoja. Pande nalisuuza mara mbili, na baada ya kusuuza naliacha limefunikwa dakika moja ili mvuke ulilainishe. Vumbi nalipepeta kabla ya kupima. Majani yaliyojiachia nayaweka wiki tatu kwenye mtungi wa udongo wenye kifuniko, kabati lisilo na viungo, maana puer hunyonya harufu ya karafuu upesi kuliko kitambaa. Harufu ya udongo uliolowa imepungua sana humo.

Chenga sitazitupa. Jana nilichemsha gramu 3 kwenye sufuria ya maji nusu lita, dakika nne, nikachuja kwa kitambaa. Ilitoka safi, bila ukakasi. Mama alikunywa vikombe viwili bila sukari, akaniuliza kama imebaki.

Zimebaki gramu 212. Jumamosi hii najaribu kuulainisha ukingo mgumu kwa mvuke wa sufuria kabla ya kuingiza sindano.