Siku moja maishani mwangu: naendesha Mombasa ya mita nne

Saa kumi na mbili unusu asubuhi nishafika Mji wa Kale, pamba na spiriti mkononi, nasugua reli. Watu wakisikia nina chumba cha maonyesho ya treni ndogo karibu na Ngomeni wanadhani kazi yangu ni kucheza, bana, kazi yangu ni kupangusa. Nyumba yenyewe ni ya kale, usiku kucha chokaa inanyunyika juu ya meza kama unga wa mahamri, na hewa ya bahari ina chumvi, sasa ukikaa siku mbili bila kufuta magurudumu hayashiki umeme vizuri na treni inaanza kwenda kwa kigugumizi.

Saa mbili. Mahamri na mbaazi kwa mama wa pale kona, nimemlipa nusu, nusu jioni.

Wacha niwaeleze nilivyoingia mambo haya. Nilikuwa baharia wa meli za makontena, siku moja tuko Hamburg nikapata ruhusa ya kushuka, wenzangu wakaenda kutafuta simu za bei nafuu, mimi mvua ikanifukuza mpaka Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya treni na miji midogo ya kuundwa. Iko ndani ya maghala ya zamani ya Speicherstadt, yale yaliyokuwa yakiwekwa kahawa na viungo na mazulia, na walioianzisha ni mapacha, Frederik na Gerrit Braun, wakafungua 2001. Nilidhani nitaona treni tu. Treni zipo, zaidi ya elfu moja, lakini wallahi zilizonigandisha si treni. Kila baada ya dakika 15 hivi taa za ukumbi zinafifia, usiku unaingia, na vijidirisha vya nyumba vyote vinawaka. Magari ya zimamoto yanatembea yenyewe barabarani manake chini ya lami kuna waya umefichwa na sumaku ndogo mbele ya gari inaufuata. Uwanja wa ndege upo tangu 2011, ndege zinaruka na kutua. Upande wa Skandinavia kuna maji ya kweli, yanajaa na kupwa! Mimi mtoto wa pwani nikasimama hapo kama nimetiwa gundi. Alafu kuna kitufe, ukibonyeza, kiwanda kidogo kinakutolea chokoleti ya kula, na mimi na ndevu zangu nilipanga foleni nyuma ya watoto mara tatu.

Nilirudi melini na boksi la treni ndogo za Märklin la mitumba chini ya koti. Ndo mwanzo.

Saa tatu nafungua. Kiingilio hamsini, mtoto ishirini. Meza ni mita nne kwa moja na nusu: Makupa, mapembe ya Moi Avenue, minazi ya njiti za chelewa, miembe ya sifongo niliyoitia rangi, feri ya Likoni inayovutwa na mshipi wa kuvulia samaki na mota ya DVD iliyokufa. Kipimo ni 1 kwa 87, mtu mzima hafiki hata sentimita mbili. Mabuibui ya wanawake nilipaka kwa rangi ya kucha ya dadangu (bado hajui). Feni hatuwashi hata joto likiwa vipi, niliwasha siku moja nusu ya abiria wa feri wakaingia baharini.

Saa nne wakaja vijana wawili wa Nairobi, wameshuka na SGR, ile treni mpya ya Nairobi, jana, wakauliza kama naweza kuweka njia yote mpaka kwao. Nikawapigia hesabu: kilomita 472 ukigawa kwa 87 ni karibu kilomita tano na nusu. Hamburg wana zaidi ya kilomita 16 za reli, yaani pale ndani ungeenda Nairobi, ukarudi Mombasa, ukaenda Nairobi tena. Mimi nina mita kumi na moja. Wakacheka, wakaenda.

Saa tano unusu Ami akaingia, alifanya kazi reli ya zamani miaka mingi, yeye halipi na wala simuulizi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Hujakitoa tu hicho kichwa?"

Ugomvi wetu wa kila siku huo. Reli zangu zina upana wa milimita 16.5, na kwa kipimo hiki hiyo ni sawasawa na upana wa SGR, milimita 1,435. Lakini nimeweka juu yake kichwa cha mvuke, na reli yake yeye ilikuwa ya upana wa mita moja, ingetakiwa iwe kama milimita 11 na nusu. Kwa Ami hiyo ni dhambi. Namwambia watalii wanapenda moshi, ananiambia watalii hawakufunga breki Mazeras. Leo kaja na jipya, anataka nimtilie na zile troli za zamani za hapa mjini, vile viti juu ya reli nyembamba vilivyokuwa vikisukumwa na watu kabla motokaa hazijajaa, anasema bila hizo hii si Mombasa, ni kituo cha mafuta.

Saa nane. Mwalimu na watoto thelathini, chumba kinaingia kumi na wawili. Na nimegundua jambo, hakuna mtoto anayeniuliza kuhusu injini. Wote "anko, kwetu wapi?" Wa Kongowea anatafuta Kongowea, wa Likoni ameridhika, wa Bamburi amenuna manake meza iliishia Nyali. Hata wakubwa ni hivo hivo, wanainama kutafuta paa la nyumbani, treni ikipita wanaona inawaziba.

Mimi pia nina usiku wangu, kila dakika kumi nazima taa. Nikazima, wakapiga kelele, nikahesabu mpaka sitini, nawasha, hakuna kitu. Stima imepotea. Watoto hawana habari, wamekaa kimya wanangoja kukuche, mpaka kimoja kikaniuliza polepole, "Anko, alfajiri ya huku saa ngapi?" Nikawasha tochi ya simu nikaipitisha mashariki, juu ya bahari, taratibu taratibu mpaka Makupa. Mwalimu alilipa bila kudai chenji.

Saa kumi stima ikarudi. Wateja wanne.

Saa kumi na mbili jioni nahesabu, 2,340, na kodi ni tarehe tano na mwenye nyumba hana utani. New York kulikuwa na Gulliver's Gate, maonyesho ya miji midogo kama haya, pale karibu na Times Square kabisa, ilifunguliwa 2017 na haikudumu, kwa hivyo nikiwaza kodi najua siko peke yangu duniani. Nimemalizia deni la mahamri.

Saa tatu usiku niko nyumbani na kiberiti, wembe na gundi. Reli ya troli inatoka milimita saba, kiti kimekaa, wasukumaji wawili nimewapata. Paa linaanguka kila nikilishika. Kesho nitajaribu ganda la yai.