Tukihamia Mjini, Matanga Tutayakalia Wapi?

Mume wangu ana hesabu zake na mimi nina zangu. Watoto wametoka: mkubwa yuko kazini Texas, mdogo yuko chuo na tunamwona nguo zikimwishia. Tumebaki wawili ndani ya vyumba vinne hapa Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, mtaa ambao Wakenya tumejaa kiasi kwamba kupata sukuma wiki si kazi. Yeye anataka tuuze, tununue fleti katikati ya jiji, karibu na hospitali ninakofanya kazi.

Raha ya kuhama naiona. Nyumba yenye uwanja Minnesota ni ajira ya pili isiyo na mshahara: nyasi, kisha majani, kisha theluji. Theluji yenyewe tunaisogeza kwa mashine, hiyo si hoja. Kinachonimaliza ni greda la jiji. Umeshasafisha njia ya gari, umeingia ndani kupasha vidole, mara lapita na kukuachia tuta la theluji iliyoshindiliwa pale pale unapotokea barabarani, zito kama udongo wa mfinyanzi, na shifti inaanza saa moja asubuhi. Halafu ndiyo uingie barabara kuu ya 94 na wenzako wote. Mjini kuna yale madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, yanayounganisha majengo kwa maili kadhaa. Aliyepata jengo zuri hufika kazini Januari bila koti. Treni nayo inakushusha mpaka uwanja wa ndege.

Sasa pesa. Watu hudhani nyumba ndogo ni gharama ndogo. Sisi tulibadilisha mkopo wa nyumba mwaka 2021, riba ilipokuwa chini ya asilimia 3 kwa miaka 30. Oktoba 2023 riba mpya zilikaribia asilimia 8, na hazijarudi kule zilikokuwa. Mkopo wa hapa kwa kawaida hauhami nawe: ukiuza, umekwisha, na fleti utaikopea kwa riba ya siku hiyo. Unaweza kujikuta unalipia nusu ya nafasi kwa pesa zile zile. Ongeza ada ya kila mwezi ya chama cha wamiliki, na siku lifti ikifa au paa likivuja, mnaletewa mchango maalum, ule usio na harambee. Anayenunua fleti aombe kumbukumbu za mikutano ya chama na aulize akiba yao ni kiasi gani kabla ya kusifia madirisha.

Hayo yote mume wangu anayajua, na bado anataka. Kinachonizuia mimi kiko besimenti: viti vya kukunja vimeegemezwa ukutani, na masufuria makubwa ambayo watu wawili hatuna kazi nayo.

Mtu wa kwetu akifiwa huko Kenya, watu huja hapa. Mlangoni viatu vya theluji vinarundikana juu ya sinia la plastiki mpaka maji yanamwagika. Kina mama wako jikoni na vitunguu, wazee wamekalia kochi lililo karibu na tundu la hewa moto, na mweka hazina ameugeuza ubao wangu wa pasi kuwa meza, daftari wazi, simu ikilia kila mchango ukiingia. Baba yangu alipofariki, watu walilala mpaka kwenye ngazi. Nauli yangu ya kwenda kumzika ilipatikana juu ya ubao ule.

Fleti moja tuliyoitembelea, nilimuuliza kijana aliyetuonyesha: wageni wanakaa wapi? Akatupeleka chumba cha jumuiya, kizuri kweli, unakiomba mapema na saa nne usiku kinafungwa. Maegesho ya wageni, magari mawili. Nikamuuliza, na msiba ukiingia usiku wa Jumanne? Akacheka, akadhani natania.

Shemeji yangu ananiambia, "Mama, tangu korona watu wanaomba kwa Zoom na wanachanga kwa simu." Ni kweli. Lakini Zoom haikupikii chai, wala haikuzuii kulala peke yako usiku ule.

Kilichotupa pumzi ni sheria ya kodi ya mapato ya Marekani. Tangu 1997, wanandoa wanaojaza kodi pamoja wakiuza makazi yao hawatozwi kwenye faida ya hadi dola 500,000 (aliye peke yake 250,000), ilimradi wameishi humo angalau miaka miwili katika mitano ya mwisho. Maana yake unaweza kupangisha karibu miaka mitatu kisha uuze, na msamaha bado upo, isipokuwa ile sehemu ya faida inayolingana na uchakavu wa nyumba ulioukata kwenye kodi ya mapato ulipokuwa ukipangisha. Na ile riba ya 2021 inabaki mkononi mwetu.

Kwa hiyo tutapanga mjini mwaka mmoja kwanza, na nyumba tuipangishe, tukishapata leseni ya jiji na kubadilisha bima. Dada mmoja wa kanisani, mwenye watoto watatu, tayari ameulizia. Nimemwambia kodi ya nyumba nitampunguzia, ila besimenti ikihitajika, mlango ufunguliwe. Amekubali hata kabla sijamaliza.

Mume wangu anataka tuhame Juni. Mimi nimesema Septemba, mama mkwe akisharudi Voi, maana siwezi kumpokea kwa miezi sita kwenye chumba kimoja cha kulala.