Tafakari ya juma: Mzee anapanda mti
Mwanzo 21:33-34

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Ibrahimu alikuwa ameshavuka miaka 100 alipopanda mkwaju Beer-sheba na kuliitia hapo jina la Bwana, Mungu wa milele. Tena nchi haikuwa yake, alikaa humo kama mgeni. Sisi tuna mbuyu, ambao ukiupanda kwa mbegu unaweza kungoja ua la kwanza miaka 15, 20 au zaidi. Juma hili tumwige huyo mzee.

Chukueni mbegu kutoka buyu lililokomaa na kukauka. Ubuyu wa rangi na sukari umeshapikwa, mbegu zake hazioti. Osheni unga wote utoke. Ganda la mbegu hii ni gumu, halipitishi maji, na ikifukiwa hivyo hivyo inaweza kulala udongoni miezi mingi. Basi chemsheni maji, yaepueni, ndipo mtumbukize mbegu na kuziacha humo saa 24. Msizichemshe jikoni, zitaiva. Mwenye msasa asugue ubavu mmoja mpaka weupe wa ndani uonekane, kisha aloweke usiku kucha. Pandeni zilizovimba, zilizobaki zirudieni.

Kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, kiwe na kina cha sentimita 30 au zaidi, maana mche huteremsha mzizi mnene kama karoti, na ukijikunja chini mti hudumaa. Changanyeni mchanga sehemu mbili, udongo wa juu sehemu moja, mboji kidogo. Fukieni sentimita 2, mahali penye jua. Nyingine huota ndani ya wiki mbili, nyingine zaidi ya mwezi, kwa hiyo msimwage viriba mapema. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, kwa mbegu na hata kwa maombi.

Kinachoua miche zaidi ni maji mengi: ugonjwa uitwao kinyaushi huozesha shina usawa wa udongo, mche unalala. Mwagilieni udongo wa juu ukikauka tu. Kiangazi ukipukutisha majani, acheni kumwagilia. Kwarueni gome kwa ukucha, mkiona kijani mti uko hai.

Tunasema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na ni kweli kabisa. Majani ya kwanza ni mazima, hayajagawanyika vidole vitano au saba, hivyo anayepalilia huung'oa akidhani ni gugu. Mwonyesheni mapema.

Na kama jirani anauogopa mbuyu kwa habari za mizimu, msomeeni Zaburi 24:1. Nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana, mbuyu ukiwemo.

Ukifika nusu mita, uhamishieni shambani mvua zikianza, mbali na nyumba na kisima. Mkabidhini mtoto autunze, yeye ndiye atakayekula matunda yake. Zungusheni miiba, na isiondolewe mpaka majani yapite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.