Nilivyotumia rangi kuwatenganisha baba na mwana katika filamu fupi

Kazi niliyokabidhiwa ilikuwa kurekebisha rangi za filamu fupi iliyopigwa Pangani, kuhusu fundi wa majahazi ambaye mwanawe amerudi kutoka Dar es Salaam akitaka kuuza mbao za chombo ambacho mzee hajakimaliza. Wawili hawa huzungumza kidogo sana, na mwongozaji alinieleza tangu mwanzo kwamba yale wasiyoyasema ndiyo anayotaka mtazamaji ayahisi, na kwamba rangi ndiyo itakayoubeba mzigo huo. Naeleza hapa jinsi nilivyoifanya kazi hiyo, kwa kuwa mafunzo mengi ninayokutana nayo kuhusu kutia rangi picha huanzia kwenye anga na bahari, ilhali mimi naamini kwamba kazi huanzia kwenye uso wa mtu, na kwa uso mweusi jambo hilo lina uzito zaidi.

Kabla ya kufikiria hisia yoyote ilinibidi nisawazishe. Kamera ilikuwa imerekodi kwa logi, yaani picha inayoonekana imefifia ili mwanga mkali na vivuli vihifadhiwe kwa pamoja, na kila kipande kilipaswa kurudishwa kwanza katika hali ya kawaida. Pwani ina taabu yake katika hili. Jua la adhuhuri husimama karibu utosini, macho ya mtu yakageuka kuwa mashimo ya kivuli, na mchanga ukaurudisha mwanga kutoka chini hadi kidevuni. Zaidi ya hapo, rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin, namba ikipanda mwanga huelekea buluu na ikishuka huelekea machungwa: mwanga wa jua la mchana huwa na kipimo cha Kelvin 5,500 hivi, kivuli chini ya mwembe hufika 7,000 au kupita, na mwali wa koroboi hauzidi 2,000. Mzee aliyekaa kivulini na kijana aliyesimama juani walikuwa tayari watu wa rangi mbili bila mtu yeyote kukusudia hivyo, na tofauti isiyokusudiwa huiua ile iliyokusudiwa. Niliwaleta wote katika nyeupe moja, kipande kwa kipande, ndipo nikawa na haki ya kuwatenganisha tena.

Chumba nacho nilikiandaa. Nyuma ya skrini nilitundika kitambaa cha kijivu, nikawasha taa hafifu ya Kelvin 6,500, kiwango kilekile ambacho skrini ilikuwa imepimiwa, kwa sababu jicho huzoea upesi: likitazama manjano kwa muda, manjano hayo hugeuka kuwa nyeupe yake, na fundi akaendelea kuongeza bila kujua. Kila baada ya muda nilikigeukia kitambaa kile mpaka macho yatulie.

Nilitumia programu ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure lina karibu kila kifaa ambacho kazi ya ukubwa huu inahitaji. Chombo nilichokitegemea kuliko vyote ni vektaskopu, ile duara inayoonyesha aina ya rangi na ukolevu wake. Ndani yake kuna mstari unaoelekea kati ya nyekundu na manjano, nao ni mstari wa ngozi. Ngozi za binadamu, nyeusi kwa nyeupe, huangukia karibu na mstari huo, kwa kuwa rangi yake hutokana na damu na melanini. Kinachotofautiana ni mwangaza na ukolevu. Maarifa haya yana thamani kubwa kwetu tukikumbuka historia ya ufundi huu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Nyuso zetu zilitoka bila umbo, meno na macho yakiwa yametengana na kichwa. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kuenea miaka ya 1990. Sioni sababu ya mtu wa leo, mwenye vipimo visivyobagua, kurudia dhuluma ile kwa kumwaga buluu juu ya picha nzima eti ndiyo huzuni.

Nilipokuwa nikimtazama mzee kwa karibu, akiwa anapiga kalafati kwenye maungio ya mbao, niliona jambo ambalo likawa msingi wa filamu yote. Ngozi nyeusi hulionyesha umbo lake katika mng'ao. Paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua na jasho lililo juu ya mdomo huakisi chochote kilicho mbele yake: chini ya anga wazi mng'ao huo huwa wa samawati, na karibu na moto huwa wa machungwa. Rangi ya ngozi yenyewe haibadiliki. Mazingira ndiyo hukaa juu yake. Nikaamua basi kwamba hisia ya kila mhusika nitaiweka katika sehemu mbili tu, yaani kwenye mng'ao wa ngozi yake na kwenye vivuli vinavyomzunguka, na kwamba sehemu za kati za mwangaza, zisizo mng'ao wala kivuli, ambako ngozi huishi, zitabaki juu ya mstari wake.

Rangi ya mzee niliitoa kwenye kazi yake. Mbambakofi iliyochongwa karibuni ina wekundu wa hudhurungi, na mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, hugeuka kuwa za giza lenye manjano ndani yake. Nilivisogeza vivuli vyake kuelekea hudhurungi hiyo kwa gurudumu la rangi la vivuli, na katika nodi ya pekee, yaani hatua ya marekebisho inayojitegemea, nikaushika mng'ao wa paji lake na kuupa manjano kidogo sana. Ukolevu wa jumla niliupunguza badala ya kuuongeza, kwa kuwa mzee huyu si mchangamfu, ila ana joto.

Kijana nilimpa mwanga wa maduka ya Kariakoo, ule wa taa za mirija, wenye ukijani uliochanganyika na samawati. Hapa mwongozaji nami tulivutana. Alitazama mara ya kwanza akasema, "Kaka, huyu bado ni mtoto wa Pangani. Nataka mji uonekane mwilini mwake." Niliongeza rangi hiyo mpaka kwenye sehemu za kati kama alivyotaka, kisha nikamwomba, "Dada, sasa itazame midomo yake." Wekundu ulikuwa umetoweka, midomo imekuwa ya majivu, na ngozi yake ya maji ya kunde imepauka kama ya mtu aliyetoka wodini. Mtazamaji angejiuliza kijana anaumwa nini, na hadithi ingepotea. Tuliurudisha uso, tukauacha ukijani kwenye mikunjo ya shati, kwenye kuta nyuma yake, na kwenye mng'ao wa shavu moja tu, lile lisiloelekea kwa baba. Mwongozaji aliridhika, na mimi naona kipande hicho ndicho bora katika filamu nzima.

Jikoni palikuwa na ugumu wa namna nyingine. Mama anakuna nazi akiwa amejifunga kanga ya kisutu, na kila mtu wa pwani anajua kisutu kina wekundu gani, weusi gani na weupe gani. Rangi ambazo watu wanazijua kwa moyo hazichezewi ovyo, kwa kuwa mtazamaji huacha kuiamini picha kabla hajajua kwa nini. Kila nilipochagua ngozi ya mama kwa aina ya rangi, wekundu wa kisutu ulichaguliwa pia, kwa sababu vyote viwili viko jirani kwenye duara. Nilichora dirisha, yaani mpaka ambao marekebisho hayatoki nje yake, kuzunguka uso na mikono, nikalifuatisha na mwendo wake wa kukuna, na hapo ndipo nilipoweza kuung'arisha uso bila kukigusa kisutu. Mama sikumpa upande. Mwanga wake ni wa dirishani, safi, nao ndio kipimo ambacho mtazamaji hupima nacho umbali wa wale wawili.

Umbali huo niliupunguza polepole. Tangu usiku ule ambao kijana anashika tindo kwa mara ya kwanza, ukijani wa vivuli vyake unapungua tukio kwa tukio, na hudhurungi ya mzee nayo inalegea, kwa kuwa hadithi haisemi kwamba baba alikuwa na haki peke yake. Wanapokisukuma chombo majini hakuna rangi niliyoiongeza. Ni kusawazisha tu, na anga ileile imeng'aa kwenye mapaji yote mawili.

Mwisho nilitoa matoleo mawili. La kuonyeshwa uwanjani usiku, kwa projekta juu ya kitambaa cheupe, nililiinua vivuli na kuongeza ukolevu kidogo, kwa kuwa mwanga wa taa za jirani huumeza weusi wote. La simu lilihitaji hadhari ya upande mwingine, maana simu nyingi huzikoleza rangi zenyewe, na ukijani wa kijana uliokuwa hafifu kwenye skrini yangu ulipiga kelele kwenye simu ya bei nafuu niliyoazima. Niliupunguza mpaka ukawa unaonekana kwenye simu na bado haujapotea kwenye skrini kubwa, na toleo hilo ndilo nililolikabidhi kwa ajili ya simu.