Natazama Pembeni Ili Nione

Suruali ilikuwa ya kijivu, ya mteja wangu wa miaka mingi. Pindo nilikuwa nimelishona kwa uzi wa kahawia, nikaipiga pasi na kuikunja vizuri, na ni yeye aliyenionyesha kosa hilo. Nikasema ni taa. Kibanda changu cha kushonea kiko Zimmerman, Nairobi, na stima hupotea mara kwa mara, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Mwaka mzima nililaumu taa. Muuza miwani mmoja mjini aliniuzia miwani mara tatu, kila mara ina nguvu zaidi, na hakuwahi kuniambia nikachunguzwe ndani ya jicho. Hilo bado linaniuma, kwa sababu nina kisukari, na mwenye kisukari anatakiwa kuchunguzwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Mimi sikujua. Daktari wa macho aliponitia matone ya kupanua mboni, alikuta mishipa midogo ya damu imevuja nyuma ya jicho. Sehemu iliyoumia ilikuwa katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, sehemu ile tunayosomea na kutungia uzi. Nilidungwa sindano za macho, nikapigwa leza. Uharibifu ulisimama, lakini kilichokwisha kufa hakikurudi.

Jicho langu lenye nafuu, nikiwa nimevaa miwani, linapata 6/60. Yaani herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, mimi sharti niisogelee hadi mita 6. Hali hii huitwa uoni hafifu. Mtu ana macho ya kumfaa kwa mambo mengi, ila miwani ya kawaida haimfikishi anakotaka.

Kuna jambo nililificha wakati huo. Jioni nikitazama ukuta mtupu, niliona maua kama ya kitenge yakijipanga juu yake. Nilidhani ni majini, au akili inaniacha. Nilipopata ujasiri wa kumwambia daktari, alinieleza kwamba ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitengenezea zake, na kwamba Mswisi Charles Bonnet aliandika habari hizo mwaka 1760 baada ya kumwona babu yake akipatwa nazo. Usiku huo nililala. Kama nawe unaona vitu na unavijua kuwa havipo, mwambie daktari wako mapema, usikae na hofu peke yako.

Kwenye kliniki ya uoni hafifu mtaalamu hakuanza na mashine. Aliniuliza, "Mama, unataka kufanya kazi gani?" Nikamtajia: kutunga uzi, kusoma tepu, kusoma ujumbe wa M-Pesa, kujua matatu yangu. Nilitarajia lenzi moja kubwa ya kumaliza yote. Akaniambia haipo, na akanionyesha kwa nini. Lenzi ya dayopta 20 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) hukuza sana, lakini lazima iwe sentimita 5 tu kutoka kwenye kitu, na unaona herufi chache kwa mara moja. Mkono wenye sindano utapita wapi hapo? Kwa kushona nikapewa lenzi dhaifu, ya dayopta 8, inayoning'inia shingoni na kuiacha mikono yote miwili huru. Hiyo inanipa nafasi ya sentimita 12 na nusu. Ile yenye nguvu, iliyo na miguu na taa yake, nasomea vibandiko vya dawa.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote hakikuwa kifaa. Alinichorea saa kubwa yenye nyota katikati, akaniambia nitazame namba moja baada ya nyingine na nimwambie ni wapi nyota inatokea vizuri zaidi. Kwangu ilikuwa nikitazama namba 2. Tangu siku hiyo nilianza kufundisha macho yangu kuelekea huko, dakika kumi asubuhi, nikiisoma kalenda ya ukutani. Wiki za kwanza kichwa kiliniuma. Jicho lina mazoea yake, linataka kurudi palepale pasipoona.

Watu walidhani nina maringo. Mteja anaongea, mimi namtazama juu ya sikio. Sasa namwambia mapema, "Nikiangalia sikio lako, ujue ndiyo nakuona." Wengi hucheka, tukaendelea na vipimo.

Taa niliibadilisha. Ile ya darini haikunifaa. Nilinunua ya shingo inayokunjika, nikaileta kutoka sentimita 60 hadi 30, na mwanga juu ya kitambaa ukawa karibu mara nne. Nyuma ya sindano naweka karatasi nyeupe nikitunga uzi mweusi, na nyeusi nikitunga mweupe. Tepu yangu ina fundo la uzi kila inchi tano, nayahesabu kwa kidole. Simu inanisomea ujumbe wa M-Pesa sikioni, kwa kifaa cha kusikilizia cha sikio moja, maana salio si habari ya wateja wote. Noti za 2019 zina mistari ya kupapasa, na nimeizoea.

Stejini ndipo nilipoona haya zaidi. Gari langu ni 44, na 45 hufanana nalo kabisa nikiwa mbali. Nilipewa darubini ndogo ya jicho moja, ya kukuza mara nne. Miezi miwili ilikaa mkobani. Siku moja mvua inanyesha nikajikuta mtaa wa Githurai 45, nimepelekwa na gari la 45, nimelowa, ndipo nikaitoa. Makanga aliniuliza, "Mathe, unatafuta ndege?" Nikampa atazame. Akasoma ubao wa duka ng'ambo ya barabara, akanirudishia kwa mikono miwili, na siku hizi akiniona huniita kwa sauti kabla gari halijasimama.

Nguo nyeusi kwa uzi mweusi sizishoni tena jioni. Hizo namwachia kijana ninayemfundisha, nami nakata na kupima.